Namna ya Kufuata Masharti ya Janga Bila Kufunga Butiki

Mwongozo huu ni wa mwenye butiki ya mbao pale Birere mjini Goma, Kongo, mama wa malewa anayepika barabarani Katindo, kinyozi wa Majengo anayenyoa kwa umeme wa kuazima, na mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza Kituku kabla jua halijapanda. Mwenye alimentasio kubwa ya vioo, yenye jenereta na mlinzi mlangoni, asipoteze muda wake hapa. Yeye ana mhasibu, ana wakili, na shefu wa usafi akimtembelea hukuta kiti kimeshapanguswa vumbi.

Anza kwa kuuliza: janga gani? Usicheke. Goma ukisikia "kuna ugonjwa" ukakimbia sokoni bila kuuliza ni upi, utarudi na vifaa vya ugonjwa wa mwaka jana. Wazazi wetu walianza na kipindupindu cha Julai 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda, waliolala juu ya mawe ya volkano, walipokufa kwa makumi ya maelfu. Kisha Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina na Beni, ikatufikia sisi tarehe 14 Julai 2019 ndani ya basi lililotoka Butembo. Kabla haijaaga, korona ikaingia Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Ebola yenyewe ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni mwaka huo, kwa hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu mkoa wetu ulikuwa na masharti mawili yaliyolala kitanda kimoja, na mfanyabiashara ndiye aliyelala chini. Mwaka 2024 ikaja mpox, ikapita kambi za waliohama vita kabla ya kufika madukani.

Nimeacha surua makusudi. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto. Ebola ile iliua 2,287. Lakini surua haikuletewa jeep, haikuletewa redio, na hakuna aliyefungiwa malewa yake kwa sababu ya surua. Hapo mfanyabiashara mdogo apate kipimo chake: ukubwa wa janga hauhesabiwi kwa makaburi, unahesabiwa kwa magari meupe yanayopita mbele ya butiki. Magari yakizidi, nunua ndoo.

Ndoo

Ndoo ndiyo patenti yako ya kweli ya biashara. Iwe ya plastiki, yenye kifuniko na robine, ikae juu ya stuli kwa kimo cha kiuno, na beseni chini yake la kupokea maji machafu. Iweke upande wa barabara. Mteja anajua kama unayo. Barabara ndiyo isiyojua. Ukibahatika kupata ndoo yenye jina la shirika kubwa la nje, usifute hata herufi moja, maana jina hilo humfanya mkaguzi adhani kwamba nyuma yako kuna mtu. Sabuni ifunge kwa kamba. Si kwa ajili ya afya: sabuni isiyofungwa Birere huhama.

Sasa maji. Hapa walioandika masharti huwa wanaruka mstari. Wao wanasema unawe kwa maji yanayotiririka. Goma, maji yanayotiririka bila shida ni yale ya mvua. Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ziwa lenye kina kinachopita mita 400, na wakaaji wake wanapanda kilima na bidoni za njano mgongoni. Kisima nacho hakichimbiki kwa jembe juu ya mwamba wa volkano ya Nyiragongo. Robine ya Regideso, shirika la maji, ikikohoa, majirani huitana kama kuna harusi. Kwa hiyo unanunua bidoni ya lita 20 iliyoletwa kwa chukudu ya mbao au pikipiki, na bei yake hupanda siku ileile ambayo redio imetangaza kwamba kunawa mikono ni lazima.

Fanya hesabu kabla hujawa raia mwema. Tuseme mteja mmoja ananawa kwa nusu lita, na huyo ni mteja mwenye huruma. Bidoni moja inawanawisha watu 40. Kati ya hao, kumi wamekuja kuuliza bei, watano wamekuja kuchaji simu, wawili wanangoja mvua ipite, mmoja ni mtoto wa barabarani aliyeona maji ya bure akanawa hadi mabegani, na mmoja ni shemeji. Wanaobaki wananunua chumvi ya kupimwa kwa kijiko. Faida ya chumvi ndiyo inayowanawisha wote arobaini, pamoja na shemeji.

Ndiyo maana mtaani kulizuka ndoo za aina mbili, za kunawia na za kuonyesha. Mwongozo huu hauwezi kukushauri uweke ndoo kavu. Unaweza tu kukufahamisha kwamba ndoo kavu hujulikana ikigongwa, kwa sababu hulia kama ngoma, na kwamba iliyojazwa mchanga hailii.

Kuna wachache wanaotaka kweli kuzuia ugonjwa, na hao nao ni wateja wangu. Kwao nasema hivi. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, inatosha kabisa. Huna haja ya maji yenye harufu ya hospitali. Ukilazimika kutumia unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita 10 za maji zinatoa mchanganyiko wa asilimia 0.05, ambao ndio wa mikono. Ule wa asilimia 0.5, wenye nguvu mara kumi, ni wa sakafu na vyombo vya mgonjwa, si wa vidole vya mteja wa maandazi. Changanya mpya kila asubuhi na uufunike, maana jua huula. Na usipime kwa kukisia: anayesema "mimi napimaga kwa harufu" ndiye atakayekuchubua ngozi.

Tena, nisimdhulumu mwenye ndoo. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, dunia ilishika kichwa; siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mji wa zaidi ya watu milioni, wenye uwanja wa ndege na mpaka unaovukwa kwa miguu, ulitarajiwa kuwaka wote. Waliothibitishwa kuugua kipindi kile walikuwa wanne. Wawili walikufa, wawili, mama na mtoto mdogo, walipona wakarudi nyumbani. Chanjo ilifanya kazi yake, na wale vijana waliokuwa wakitafuta kila aliyemgusa mgonjwa na kumfuatilia kwa siku 21 walifanya kazi kubwa kuliko wote. Lakini na zile ndoo za barabarani, Mungu azibariki, hazikuwa mapambo matupu. Ndiyo maana inaudhi kuona gharama yake ilivyoachwa kwa muuza chumvi.

Wageni wawili

Mlango wako utapata wageni wawili, virusi na mkaguzi, na ukiwachanganya umekwisha. Virusi havina saa. Mkaguzi hufika saa tano asubuhi, wakati droo imeshapata pesa ila pesa haijapata kazi. Virusi huja kimya. Mkaguzi huja na wenzake wawili, mmoja wa kuandika, mmoja wa kutazama friji. Virusi vikikukuta umenawa huondoka. Mkaguzi akikukuta umenawa, mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza.

"Jambo, mama."
"Jambo, shefu. Karibu."
"Ndoo iko wapi?"
"Ile pale, shefu."
"Iko na maji?"
"Iko nayo."
"Na sabuni?"
"Iko, tazama kamba."
"Sawa. Na karatasi ya kuonyesha kwamba uko na ndoo?"

Usibishane juu ya karatasi hiyo. Wala usiulize imetoka ofisi gani, kwa sababu atakutajia ofisi, na kesho ofisi hiyo itakuja yenyewe. Uliza kwa upole kama shefu ameshakunywa kitu. Huko mbele mtaelewana. Ila weka daftari, mama, nami hapa sitanii: kila faranga unayotoa iandike na tarehe yake, chini ya neno "usafi". Ukijumlisha mwisho wa mwezi utaona ni kiasi gani cha usafi wako kimekwenda kwenye maji na kiasi gani kimekwenda kwa watu.

Barakoa nayo ina matumizi matatu. Puani, inazuia mate. Kidevuni, inazuia polisi. Mfukoni, haizuii kitu, lakini inakupa mahali pa kuanzia mazungumzo. Usitundike barakoa moja kwenye msumari wa mlango kwa ajili ya familia nzima, atakayetoka ndiye avae. Nimeona, na nakiri kwamba kwa hesabu ya pesa ni busara. Kwa hesabu ya mapafu ni afadhali uso mtupu.

Mita moja

Sharti la mita moja lilitungwa na mtu mwenye sebule. Butiki ina mita mbili kwa mbili. Mita ya kwanza imechukuliwa na mzigo pamoja na wewe mwenyewe, ya pili ni ya meza, na mteja anabaki kusimama barabarani kwenye njia ya pikipiki, ambako atakufa kwa sababu isiyohusiana na janga. Chora mstari wa chokaa hata hivyo. Mkaguzi anapenda mstari, na lava nyeusi inauonyesha vizuri.

Kuhusu mikusanyiko, Rais Tshisekedi alitangaza tarehe 18 Machi 2020 kwamba watu wasikutane zaidi ya 20 mahali pa hadhara. Mwenye kulijua Soko la Virunga saa nne asubuhi anajua kwamba 20 ni idadi ya watu wanaobishania rundo moja la kabichi. Tangazo hilohilo lilifunga baa, mikahawa, terasi na restora. Na hapa mama wa malewa aliingia kwenye swali zito la kisheria: restora ina mlango, malewa ina masufuria matatu na benchi. Utafunga nini? Wengine walipindua benchi, wakahesabu kwamba wamefunga. Wateja wakala wamechuchumaa, bugali mkononi, sombe kwenye mfuniko, kila mmoja amegeukia ukuta wake, na ukweli ni kwamba mita moja haijapata kutunzwa vizuri kama siku zile.

Kuna siku hata amri zenyewe zilikosa mahali pa kusimama. Mei 2021 mkoa ulikuwa umewekwa chini ya wanajeshi kwa hali ya kuzingirwa, korona bado iko, masharti bado yako. Tarehe 22 usiku Nyiragongo ikafunguka. Tarehe 27 agizo likatoka kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji zihame mara moja. Barabara ya Sake ilijaa magodoro, mbuzi, bibi kwenye chukudu, watoto juu ya watoto. Sikusikia mtu akiuliza barakoa.

Hatua ya kufungua tena

Hatua hii imefungwa hadi agizo jipya.

Namna ya kuvuka mpaka

Kabla ya Machi 2020, Barrière Ndogo kati yetu na Gisenyi ilivukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao wanawake wenye mzigo kichwani: nyanya, karoti, maziwa, ndizi kuja huku, vitenge, sabuni na unga kwenda kule. Wakati wa Ebola tulikuwa tumeshazoea kupigwa bastola ya joto kwenye paji la uso na kunawa klorini pande zote mbili. Hata Rwanda ilipofunga tarehe 1 Agosti 2019, ilikuwa kwa saa chache tu. Waliokuwa wamelala Gisenyi walipata hadithi ya kusimulia.

Korona haikuwa ya saa chache. Rwanda ilifunga mipaka Machi 2020, na njia ya nchi kavu ikafunguliwa tena tarehe 7 Machi 2022. Kwa muda huo wote, mizigo iliendelea kupita kwa malori. Wafanyabiashara waliunganisha bidhaa zao, wakajaza gari moja kwa pamoja, dereva akavuka. Kwa kifupi, nyanya ziliruhusiwa, mwenye nyanya hapana.

Ushauri wa mwongozo, basi, ni uwe nyanya. Ukishindwa, tafuta mwenzako wa Gisenyi unayemwamini, mwite dada, mpelekee pesa kwa simu, na umwombe akuchagulie tenga zuri. Atakuchagulia. Wewe ulikuwa unageuza kila nyanya kuangalia tako lake. Yeye atageuza za juu. Tenga litapita mikono minne, kila mkono utabaki na kidogo, na litakapokufikia mwenye lori atakuwa na bei yake, kwa kuwa ameshajua kwamba huna miguu. Hao wenye malori hawakuugua korona kibiashara. Walinenepa. Mama aliyekuwa akivuka mara tatu kwa siku na mtaji wa siku moja ndiye aliyeula mtaji huo kufikia Pasaka.

Pesa ya kuvumilia

Mtaji ukishaliwa kuna njia tatu. Ya kwanza ni likelemba: wenzako kumi wanachanga, anayefikiwa na zamu anapokea. Kasoro yake ni kwamba janga halichagui, linawakausha wote kumi wiki moja, na zamu yako inapofika unakabidhiwa salamu. Ya pili ni Banque Lambert, ile isiyo na jengo wala kibao. Atakukopesha leo jioni bila fomu, mwisho wa mwezi arudishiwe na nusu juu yake. Hajali kama serikali imekufunga. Amri ya kufunga haina kipengele chake. Ya tatu ni benki yenyewe, na kwa hiyo sitakupotezea muda: hata kabla ya zile za mjini kufunga milango Januari 2025, kwa sababu ya vita, isiyokuwa na uhusiano wowote na virusi, hazikuwa zikikufungulia wewe.

Zaidi ya hizo kuna Ibara ya 15, inayosema jitafutie, ambayo haimo kwenye katiba yoyote tunayoweza kuishika mkononi na ndiyo pekee ambayo kila Mkongomani anaitii. Chini ya ibara hiyo, fundi cherehani aliyekosa nguo za harusi alishona barakoa za kitenge hadi usiku, na mwenye baa akageuka muuza vinywaji vya kubeba nyumbani. Wenye nyumba kubwa na magari makubwa walijitafutia pia: wakati wa Ebola walizipangisha kwa watu wa riposti, wale waliokuja kupambana na ugonjwa, kwa dola, na Wanakivu wakaita mambo hayo biashara ya Ebola, bila kuona haya. Waziri wa Afya wa wakati ule, Oly Ilunga, alihukumiwa Machi 2020 miaka mitano ya kazi ngumu kwa pesa za Ebola. Mama wa sambaza hakuitwa mahakamani. Hakuwa amepata.

Semina

Mwishoni, magari yanapoanza kupungua, utapokea mwaliko. Mwaliko huo utakuwa na nembo nyingi juu na utasema kwamba wafanyabiashara wadogo, hasa wanawake, watajengewa uwezo wa kukabiliana na masharti ya afya. Nenda. Funga butiki siku mbili, ambayo ni hasara, lakini nenda, maana itafanyikia hoteli ya kando ya ziwa na hutapata nafasi nyingine ya kuliona ziwa kutoka upande huo.

Vaa vizuri, si vizuri sana. Jina lako liandike kwenye kila karatasi inayopita, kwa sababu moja kati ya hizo ndiyo inayolipa. Mwezeshaji atauliza mnatarajia nini. Usiseme maji. Sema "kubadilishana uzoefu". Atawagawa katika makundi, mtapewa kalamu nene na karatasi kubwa, na kundi lako litachora mti: mizizi ni matatizo, matawi ni suluhisho. Saa sita utajifunza kunawa mikono, hatua kwa hatua, kutoka kwa kijana ambaye robine yake haijawahi kukauka, na utapiga makofi. Vyoo vya hapo vina maji ya moto na ya baridi. Nawa huko kadiri unavyotaka, na kama una chupa tupu kwenye mkoba, hakuna anayekagua.

Siku ya pili, watakapouliza kama kuna mwenye swali, mkono utakuwasha. Utataka kuuliza kwa nini pesa za hoteli hii hazikuvuta bomba moja kutoka hapa ziwani hadi Birere. Ni swali zuri. Liulize baada ya bahasha kugawiwa.